Panda asumini masika, utunge kikuba kaskazi

Kikuba kimoja, kile kishada cha maua ya kunukia cha kuvaa kifuani, kinataka vitumba 25 hadi 30 vya asumini, vilele vitatu au vinne vya mrehani, ukanda mmoja wa mkadi na, ukijaaliwa, kilua kimoja, ua dogo la harufu kali. Nimeanza na hesabu hii kwa makusudi. Wengi wetu hupanda maua kwanza, yakishachanua ndipo tunajiuliza tuyafanyie nini, na mwisho yanaanguka uani yakakanyagwa na kuku. Mimi napanda kwa hesabu ya kikuba. Nikishajua nataka vikuba vingapi kwa wiki, najua nahitaji miasumini mingapi, ikae wapi na niikate lini.

Hapa kwetu Pemba hatuna ule msimu ambao watu wa nchi za baridi huungoja, theluji iyayuke ndipo washike jembe. Sisi tuna masika, Machi mpaka Mei, kisha kipupwe, kisha vuli ya Oktoba mpaka Disemba, halafu kaskazi na joto lake. Kwa mwasumini kalenda hiyo yatosha. Masika unapandikiza, kipupwe unalea na kukata, vuli na kaskazi unachuma. Aliyekosa masika anaweza kupanda vuli, lakini mvua za vuli huja na kukatika, na jua la kaskazi likishashika atabeba ndoo kila siku.

Kwa nyumba moja miasumini mitatu inatosha. Mmoja uliokomaa na kutunzwa hunipa kikuba kizima jioni njema, na jioni nyingine hunipa vitumba kumi tu. Ikiwa mitatu, huzibiana pengo.

Kijiti cha kupandikiza

Usinunue mche kabla hujauliza jirani. Mwasumini hupandwa kwa kijiti, na nyumba yenye mwasumini mkubwa huwa na vijiti vya kugawa kila masika. Nenda asubuhi, omba, na ukirudi mwaka wa pili umpelekee kikuba.

Kuna asumini ya safu moja ya petali, na kuna ile iliyojaa kama waridi dogo. Zote zinanukia. Mimi nakushauri uanze na ya safu moja, kwa sababu ina shingo nyembamba inayopokea sindano vizuri, na mtu anayejifunza kutunga hapotezi maua mengi. Iliyojaa ngojea mpaka mkono umezoea.

Tawi zuri si lile changa, laini kama mchicha, wala si kuukuu lenye gome la kijivu. Tafuta la katikati: ukilipinda linakubali, ukizidisha linataka kuvunjika. Unene wake uwe wa penseli au pungufu kidogo. Kata urefu wa shibiri moja, yaani sentimita 15 hadi 20, lenye vifundo vitatu au vinne. Kata chini kidogo ya kifundo, kwa kisu kikali, maana mizizi hutoka kwenye vifundo, na kisu butu husaga tawi likaoza kabla ya kushika. Ondoa majani ya chini yote. Acha mawili ya juu, nayo uyakate nusu, kwani jani kubwa linapoteza maji ambayo kijiti kisicho na mizizi hakiwezi kuyarudisha. Kikiwa na kitumba, kivunje. Kinauma kukivunja, lakini kijiti kinachochanua hakioti mizizi vizuri.

Chukua vijiti kumi hata kama unataka miche mitatu. Vitakavyozidi utagawa.

Mwenye mwasumini wake tayari ana njia nyepesi zaidi. Vuta tawi la chini, likwaruze kidogo gome kwenye kifundo, lifukie hapo kwa udongo na ukandamize kwa jiwe, huku ncha ikibaki nje. Baada ya wiki sita mpaka nane za masika litakuwa na mizizi yake. Likate kutoka kwa mama, uliache wiki moja likae peke yake, kisha ulihamishe. Tawi linalolelewa hivi halijui kiu, ndiyo maana ni nadra kufa.

Mchanga ulioniulia vijiti 12

Mwaka wangu wa kwanza nilichota mchanga mweupe pwani kwa sababu ulikuwa safi na rahisi kupata. Nikachomeka vijiti 12. Wiki ya pili ncha za majani ziliungua, wiki ya tatu vyote vilikuwa vyeusi mpaka chini. Ilikuwa chumvi. Mwasumini hauiwezi, na kijiti kisicho na mizizi hakiwezi kabisa.

Tumia mchanga wa shambani, sehemu moja, na mboji au makumbi ya nazi yaliyooza, sehemu moja. Makumbi yawe yale yaliyolala chini ya mnazi na kunyeshewa muda mrefu mpaka yanavunjika mkononi. Usichukue mabaki ya usumba uliofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, kwani yamekaa ndani ya maji ya bahari na yamejaa chumvi ileile. Ikiwa huna ila mchanga wa pwani, utie kwenye kikapu chakavu na uuache unyeshewe na masika wiki mbili tatu, maji yakipita na kutoka chini.

Chomeka kijiti kimshazari kidogo, vifundo viwili viwe ndani ya udongo. Usikisukume kwa nguvu. Toboa kwanza kwa chelewa au kijiti kingine, kisha ukiingize na ushindilie kwa vidole. Kifunike kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, kizibo ukiondoe ili ipumue. Weka chini ya upenu au kivulini mwa mti, mahali penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja, wala pasipodondokewa na maji ya bati. Maji ya bati yakimwagika mahali pamoja yanachimba shimo na kung'oa kila kitu.

Kisha kiache. Mkono unaowasha kung'oa na kuangalia mizizi ndio unaoua miche mingi kuliko wadudu. Ikifika wiki ya nne hadi ya sita, kishike kijiti kwa vidole viwili ukivute kidogo sana. Kikikataa, kimeshika. Majani mapya peke yake si dalili ya kutegemea, kwa sababu kijiti huweza kuchipua kwa akiba yake mwenyewe na bado hakina mzizi hata mmoja.

Pakacha dogo la kulelea mche

Mche ukishashika unahitaji nyumba ya miezi miwili kabla ya kwenda ardhini. Watu hutumia makopo na madumu yaliyokatwa, nami sina ubaya nayo, mradi yatobolewe chini. Lakini kwenye kisiwa kilichojaa minazi napenda kusuka pakacha dogo. Linapitisha maji, na siku ya kupanda unalifukia pamoja na mche bila kugusa mizizi. Pakacha linaoza lenyewe.

Kata kuti bichi, lakini si la kileleni. Chukua kipande cha upande wa ncha, ambako upongoo, yaani uti wa kuti, ni mwembamba na unapindika. Upasue upongoo katikati kwa urefu, upate vipande viwili, kila kimoja na majani upande mmoja. Kipande chenye majani 12 kinatosha pakacha la mche mmoja. Idadi iwe shufwa, la sivyo utabaki na jani lisilo na mwenzake.

Kunja upongoo uwe duara na ufunge ncha zake kwa ukanda wa jani la mnazi. Hapo una mdomo wa pakacha, na majani yananing'inia. Sasa jani la kwanza lielekeze kulia, la pili kushoto, la tatu kulia, hivyo hivyo mpaka umezunguka. Yanapokutana, moja lipite juu, lifuatalo lipite chini. Kaza kila raundi kabla ya kuingia nyingine. Bibi yangu alikuwa akisuka huku anazungumza na wageni, hatazami mikono, na pakacha lake lilishika maembe bila kuachia. Wewe tazama mikono.

Ukifika kimo cha kama sentimita 15, kusanya ncha zote chini, zigawe mafungu matatu, zisuke kama nywele na uzifunge fundo. Tandika ndani jani kavu la mgomba ili udongo usivuje, jaza, panda. Ukitumia sahani chini ya makopo, usiache maji yasimame humo. Mbu hawahitaji zaidi ya hapo kuzaana, na masika tayari inawapa mahali pengi.

Kuhamishia ardhini

Chagua mahali panapopata jua angalau saa sita kwa siku. Kivulini mwasumini hurefuka, ukajaa majani na usitoe kitu. Baada ya jua, fikiria upepo: harufu ya asumini huja usiku, basi uweke upande ambao upepo unaingia chumbani. Kwetu tuliupanda nje ya dirisha la chumba cha kulala, kama mita moja na nusu kutoka ukutani, mizizi isikae kwenye msingi nasi tukapata njia ya kupita wakati wa kuchuma.

Shimo liwe sentimita 45 kila upande. Changanya udongo uliotoka na ndoo moja ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza sawasawa, isiyonuka tena. Samadi mbichi ina joto na huunguza mizizi. Ikiwa mahali panatuama maji, usichimbe. Inua tuta la kimo cha shibiri mbili na upande juu yake. Aprili na Mei ardhi hushiba, na mzizi wa mwasumini ukikaa ndani ya maji siku kadhaa unaoza, majani yanaanguka, nawe ukidhani una kiu unazidi kuumwagilia.

Hapa Wete na mabondeni mwake udongo ni mzito wa kutosha. Wifi yangu aliyeolewa Paje, Unguja, ana kazi nyingine. Kule ni maweni, matumbawe yenye udongo kidogo juu yake, na majani ya mwasumini wake yalikuwa yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni chokaa ya jiwe inayozuia mmea kupata madini ya chuma. Alikuwa akiutilia jivu la jikoni kila wiki, kama tulivyofundishwa wengi wetu, na jivu ndilo lililokuwa likizidisha tatizo, kwa sababu nalo lina tabia ya chokaa. Kwa ardhi ya maweni acha jivu kabisa. Tia mboji na majani yaliyooza kwa wingi, au panda kwenye pipa lililokatwa nusu, kwa udongo ulioletwa. Na kama kisima kina ladha ya chumvi, kinga maji ya mvua ya bati kwa ajili ya maua. Ncha za majani zinazokauka rangi ya kahawia ndizo zitakazokuambia kwamba maji ya kisima hayafai.

Mrehani na wenzake

Mrehani ni mwepesi. Kata kilele, kitie kwenye glasi ya maji, na kwa wiki moja au mbili kina mizizi. Au sia mbegu juu ya udongo laini, uzifunike kwa vumbi jembamba tu, nazo huota kati ya siku tano na kumi. Masika uzilee chini ya upenu, maana tone kubwa la mvua hulifukia chipukizi. Ukitoa ua, likate. Mrehani ulioachwa uzae mbegu hupunguza majani na kuyafanya machungu.

Mkadi unataka nafasi na una miiba, hivyo kwa uani mdogo ni bora kuomba kwa mwenye shamba. Ukiamua kupanda, jua kwamba kuna mkadi dume na mkadi jike, na ua linalonukia ni la dume. Chukua chipukizi kwenye mti ambao umeuona ukitoa ua hilo kwa macho yako, la sivyo utalea miiba miaka mingi bure.

Mlangilangi ukiachwa huwa mti mrefu na maua yake hunukia juu ya paa. Ukate kilele ukiwa na kimo cha kama mita mbili, uyapinde matawi chini, nawe utachuma umesimama. Ndivyo wafanyavyo ndugu zetu Wakomoro, ambao mafuta ya langilangi ni biashara yao kubwa. Ua likiwa kijani bado, acha. Likigeuka manjano, chuma asubuhi mapema.

Mkasi wa kipupwe

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa huruma. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Mwasumini usiokatwa unabaki na matawi ya zamani yasiyozaa, na kila mwaka maua yanakwenda juu zaidi na kupungua.

Mche uliopanda mwaka huu uubane ncha tu, kwa kucha, kila tawi likifika shibiri moja, ili upanuke. Kuanzia mwaka wa pili, mwisho wa kipupwe, Agosti au mwanzo wa Septemba, kata theluthi moja ya mti mzima, na matawi makavu uyatoe kutoka shinani. Tia ndoo nusu ya samadi kuzunguka, mbali kidogo na shina, na ufunike kwa makumbi ili unyevu ubaki. Vuli ikianza utaona machipukizi, na vitumba vitafuata.

Wadudu weupe wenye pamba na vidukari huja na sisimizi. Kijiko kidogo cha sabuni ya kuoshea vyombo ndani ya lita moja ya maji, unyunyize chini ya majani jioni, asubuhi usuuze. Rudia baada ya siku tano. Usipige dawa ya kilimo kwenye mwasumini. Haya maua yanakwenda kifuani, kwenye nywele, na kitandani ambako mtoto hulala.

Kuchuma

Saa kumi na moja jioni, baada ya alasiri na kabla ya magharibi, vitumba vya usiku ule vinajitenga na vingine: vimejaa, vimekuwa vyeupe kabisa, lakini bado vimefumba. Cha kesho kina ukijani kwenye shina la petali. Kilichofunguka tangu jana kimeshatoa harufu yake na hugeuka kahawia ukikigusa. Chuma cheupe kilichofumba, pamoja na shingo yake.

Kitumba cha asumini hakifi kinapochumwa, kinaendelea kufunguka na kutoa harufu usiku kucha. Wachina wanalijua hilo, ndiyo sababu huchuma vitumba mchana na kuvichanganya na majani ya chai usiku. Vitandaze juu ya jani la mgomba, vifunike kwa kitambaa chenye unyevu, na usivirundike kwenye mfuko wa plastiki, vitatoa jasho na kuoza.

Kutunga

Tayarisha sindano nyembamba, uzi wa pamba mweupe, dalia kidogo (ule unga wa manjano wa kunukia) na maua yako. Osha mikono na uikaushe. Mafuta ya mkononi huacha alama kwenye petali.

Anza na mgongo wa kikuba. Shika vilele vitatu au vinne vya mrehani vyenye urefu wa kidole, vilingane chini. Chana mkadi upate ukanda mwembamba, uukunje kama feni, uweke katikati ya mrehani. Funga shina kwa uzi mara mbili, usikaze mpaka ukakata.

Sasa tunga asumini. Sindano ipite kwenye shingo, ile sehemu ya kijani chini ya petali, wala isiguse petali. Ukitoboa petali, kufika saa mbili usiku kitumba kimeshageuka kahawia. Tunga 12 au 13, vichwa vyote vielekee upande mmoja, uvisogeze pamoja taratibu. Zungusha mshipi huo kwenye mgongo wa mrehani, ukianzia chini. Tunga wa pili, uuzungushe juu ya wa kwanza, vichwa vikiziba mapengo ya ule wa chini. Kilua kiweke kilele, kimoja tu, harufu yake ni kali na kikizidi kinaifunika asumini. Petali mbili za waridi ukitaka rangi. Malizia kwa dalia, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili, ndani ya mrehani na si juu, kwa sababu ile manjano yake haitoki kwenye nguo.

Funga, acha uzi wa shibiri moja wa kufungia, au ukibane kwa pini ndani ya nguo, shina likielekea chini. Kwenye nywele, kichomeke kwenye fundo baada ya kusuka, si kabla. Kama unamtungia bi harusi, tunga saa mbili tu kabla ya kuvaliwa, ili vitumba vifunguke akiwa navyo, na uweke pembeni mishipi miwili ya akiba. Koja la shingoni ni kazi hiyohiyo bila mgongo, ila hutaka zaidi ya vitumba 80, na hapo ndipo utakapokwenda kwa yule jirani aliyekupa vijiti.

Vitumba vilivyovunjika wakati wa kutunga usivitupe. Vitie kwenye singo ya kusugulia mwili, au kwenye chupa ya mafuta ya nazi. Viache kwanza vinyauke usiku mmoja ili maji yao yapungue, loweka siku moja, chuja, tia vingine, ufanye hivyo siku tano au sita. Usiku wa kipupwe mafuta hayo yataganda kidogo, hayajaharibika.

Na kikuba chenyewe, asubuhi kikishanyauka, kata uzi na uondoe pini. Kianike kivulini siku mbili, kisha ukiweke sandukuni katikati ya kanga zilizokunjwa. Kitoe ukishaleta kingine.